Siku ya Mungu au Siku ya Picha?

Wazee wetu waliokaa katika makambi ya Union Minière walizipa siku za juma majina yao wenyewe, na majina hayo tungali tunayasikia hapa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi. Siku tano waliziita kwa hesabu ya kazi: kazi moja, kazi mbili, hata kazi tano. Ya sita waliiita siku ya posho. Ya saba waliiita siku ya Mungu. Hesabu hiyo ni fupi, lakini ndani yake mna katekisimu nzima: siku tano za bwana wa kazi, siku moja ya tumbo, siku moja ya Mungu. Siku ya kujitazama hawakuiweka.

Leo siku hiyo imepatikana, wala haikuwekwa mahali pa kazi moja au kazi mbili. Imewekwa juu ya siku ya Mungu. Tazameni, ndugu wasomaji. Dominika asubuhi, kengele ya Misa ya pili ikilia, magari na pikipiki zimekwisha kutoka mjini. Wengine wanakwenda Kipopo. Wengine wanashika njia ya Likasi mpaka Kapolowe, kwenye ziwa Tshangalele, lile lililotokea mwaka wa 1930 mto Lufira ulipozibwa pale Mwadingusha ili kupata umeme wa viwanda. Wanafika kando ya maji, mahali wanapopaita plaji. Hakuna anayesema, "Mungu asifiwe kwa maji haya." Simu zinatoka kwanza. Wasichana wamebeba nguo za kubadilisha mara tatu, ili picha za siku moja zionekane kama za siku tatu. Samaki wa kuchoma analetwa pamoja na bukari, lakini haliwi bado. Lazima apigwe picha, na akisha kupoa ndipo wanapomla. Mmoja anacheka bila kuchekeshwa na kitu. "Rudia!" wanamwambia, naye anakirudia kicheko chake. Saa kumi na moja na nusu, jua linaposhuka juu ya maji kwa utukufu wake wote, kundi zima linaligeuzia mgongo. Kwa maana mtu hawezi kujipiga picha pamoja na jua bila kuligeuzia mgongo.

Sisi twasema desturi hii imepita kipimo, na twataka kueleza kwa nini.

Kwanza mtusikie vema. Hatusemi kwenda ziwani ni dhambi. Wasalesiani waliofika mjini hapa mwaka wa 1911 ni wana wa Don Bosco, na Don Bosco mwenyewe aliwatembeza vijana wake milimani na mashambani, wakiimba na kucheza. Lakini Misa na sala zilitembea pamoja nao. Bwana wetu naye, baada ya kufufuka, aliwangojea wanafunzi wake ufukoni alfajiri, amewasha moto wa makaa, ametayarisha samaki na mkate. Basi hatuwezi kuwa maadui wa samaki wa kuchoma kando ya ziwa.

Wala hatusemi picha ni dhambi. Nani kati yetu hana nyumbani picha ya harusi ya wazazi wake, ile iliyofifia, baba amesimama wima kama askari na mama ameshika maua ya karatasi? Picha ile ni hazina. Walipigwa mara moja, wakarudi kwa wageni wao.

Neno letu ni moja tu. Picha zetu za siku ya Mungu zimekuwa za uongo, si kwa yale zinayoonyesha, bali kwa yale zinayokata. Kila picha ina kingo nne, na aliye nje ya kingo hizo huhesabiwa kwamba hakuwapo. Basi twauliza: tunamkata nani?

Rafiki aliyeshika simu

Miaka si mingi iliyopita tulimzika kijana mmoja wa parokia yetu. Alikuwa mtu wa watu. Hakukosa safari hata moja ya ziwani. Homa ilimchukua kwa siku nne. Usiku wa kilio mama yake aliwaomba rafiki zake picha moja tu, ya kuweka juu ya sanduku. Wakafungua simu zao. Kipopo ilikuwamo, Kapolowe ilikuwamo, jua na maji na samaki na miwani myeusi, vyote vilikuwamo. Picha mamia na mamia. Yeye hakuwamo. Walitafuta tangu saa mbili ya usiku hata saa tano. Katika moja wakaona mkono wake, katika nyingine wakaona kivuli chake mchangani.

Kwa nini hakuwamo? Kwa kuwa shati lake jema lilikuwa moja, na simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe, ambayo haiwezi picha. Basi kila safari aliambiwa, "Wewe, shika hii, utupige." Naye akapiga kwa moyo mwema. Kila kicheko kilichomo katika simu zile kilikuwa kinamtazama yeye, na hakuna aliyemwambia hata siku moja, "Sasa njoo usimame hapa, mimi nikupige." Mwishowe picha ya sanduku ilitolewa katika kadi yake ya uchaguzi, ambamo anatazama kama mtu aliyekamatwa na polisi.

Rafiki zake walilia sana usiku ule, na hawakulilia kifo peke yake.

Wahenga wamesema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Siku hizi tumeuweka urafiki kwenye mizani nyingine: rafiki ni yule anayependeza karibu nasi katika picha. Mwenye nguo mpya anaitwa katikati. Mwenye ngozi ya ugonjwa anawekwa nyuma. Msichana aliyezaa bila ndoa haalikwi tena, maana watu wataandika maneno mabaya chini ya picha. Yule ambaye baba yake amepoteza kazi anaachwa mjini, kwa kuwa hana franki za safari. Haya yote hayafanywi kwa chuki. Yanafanywa kwa kingo nne tu, kidogo kidogo, kila Dominika. Lakini aliyekatwa anajua kwamba amekatwa. Anaitazama picha usiku kitandani mwake katika WhatsApp, anawahesabu waliomo, na hajioni.

Mtoto anayeharibu picha

Tunamkata nani tena? Kando ya maji hapakosi watoto wenye sahani kichwani: karanga, mayai ya kuchemsha, maji ya mifuko. Siku ya Mungu ni siku yao ya kazi, kwa kuwa ndiyo siku yetu ya raha. Mtoto anakaribia wakati kundi limejipanga. Je, anasikia nini? Sisi tumesikia kwa masikio yetu, na waliosema walikuwa wabatizwa: "Ondoka, unaharibu picha."

Tufikiri maneno hayo. Yule tajiri wa Injili ya Luka, aliyevaa zambarau na kula vizuri kila siku, hatuambiwi kwamba alimpiga Lazaro au kumfukuza. Alimwacha tu mlangoni, akapita. Hukumu yake ilikuwa nzito vile kwa kutokumwona. Basi sisi tunaomwona Lazaro waziwazi, tukamwambia asogee ili asionekane, tutajibu nini? Macho hayana pazia. Lakini simu inayo, na sisi ndio tunaolifunga.

Jua jekundu

Tufike kwenye jua lenyewe, maana ndilo linalosifiwa kuliko vyote. "Tazameni jua la Katanga," wanaandika, "jekundu kama shaba!" Ni kweli, wakati wa kiangazi, hasa mwezi wa nane na wa tisa, jua letu linashuka jekundu ajabu, wala huhitaji kufumba macho kulitazama. Lakini wekundu huo watoka wapi? Penye moshi hapakosi moto. Miezi ile misitu inachomwa, mashamba yanachomwa, na moshi pamoja na vumbi vinajaa hewani. Mwanga wa jua ukipita katika uchafu huo, rangi nyingine zinatawanyika njiani na nyekundu inatufikia. Mara nyingi kile tunachokipiga picha na kukiita uzuri ni miombo yetu inayoungua.

Miombo hiyo ndiyo iliyotupa uyoga, asali, dawa na vinkubala. Leo inakatwa mbali zaidi kila mwaka kuuzunguka mji, ili kutengeneza makala, kwa kuwa nyumba nyingi za mjini hazina umeme wa kupikia. Dominika jioni, mnaporudi kutoka Kipopo, mnawapita watu wanaosukuma baiskeli zenye mifuko ya makala mirefu kuliko wao wenyewe. Samaki wenu alichomwa kwa makala hayo. Chakula chenu cha kesho kitapikwa kwa makala hayo. Je, ni nani amewahi kuwapiga picha watu wale na kuandika chini yake, "Hawa ndio walionipa jua langu jekundu"?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika barua yake *Laudato si'* ya mwaka wa 2015, alitufundisha kwamba kilio cha ardhi na kilio cha maskini havitengani. Hapa kwetu havitengani hata kwa hatua moja. Anayekata mti ni maskini, na atakayekosa mti ni maskini. Hatuwalaumu wenye baiskeli. Twawalaumu wenye simu, ambao wanaliona jua na hawaulizi.

Jiwe ndani ya simu

Kuna mtu mwingine tena tunayemkata, na huyu yumo mkononi mwetu. Ndani ya betri za simu nyingi mna kobalti, gramu chache tu. Kongo yetu inatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ya ulimwengu, na karibu yote inatoka katika udongo huu wetu, upande wa Kolwezi, Fungurume, Likasi na Lubumbashi. Sehemu kubwa inachimbwa na makampuni kwa mashine. Sehemu nyingine inachimbwa na watu kwa chepeo, nyundo na mikono mitupu, katika mashimo membamba yasiyo na nguzo. Mwezi wa Juni mwaka wa 2019 ukuta wa mgodi uliwaangukia wachimbaji wa namna hiyo karibu na Kolwezi, wakafa zaidi ya 40. Walikuwa baba za watu na wana wa watu.

Wala hasara haiishii shimoni. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Ubelgiji, walitangaza uchunguzi wao: watu wanaokaa karibu na migodi na viwanda vya Katanga walikutwa na kobalti nyingi mwilini kupita kiasi, na watoto kuliko wakubwa. Katika samaki wa ziwa lile la Tshangalele wataalamu wamekuta madini vilevile. Basi ona ajabu hii. Tunampiga samaki picha kwa simu. Katika simu mna kobalti, na katika samaki mna kobalti, na mtoto aliyechambua mawe yake hayumo katika picha.

Masista wa Mchungaji Mwema wamekaa Kolwezi tangu mwaka wa 2012. Wao hawakupita mbali na mtoto huyo. Wamemfungulia shule, wamewafundisha mama zake kazi nyingine, wamempa jina lake tena. Hiyo ndiyo picha ambayo Kanisa linapaswa kuionyesha. Je, ni wangapi katika parokia zetu wanaoijua kazi hiyo, na ni wangapi wanaojua rangi ya nguo aliyovaa mwimbaji fulani kwenye plaji ya Kinshasa?

Picha zisizokata

Atakayesema picha kwa asili yake ni upuzi, naye tunamkatalia. Historia ya nchi yetu inamkatalia. Mwezi wa Mei mwaka wa 1904, katika misioni ya Kiprotestanti ya Baringa, kule Ekwateri, alifika mtu jina lake Nsala. Alibeba majani, na ndani ya majani mlikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, aliyeuawa na askari wa kampuni ya mpira. Bibi Alice Harris, mmisionari Mwingereza, alimketisha barazani akampiga picha. Picha ile na nyingine kama hiyo zilionyeshwa katika makanisa na kumbi za Ulaya na Marekani, mpaka watu wakakosa neno la kujitetea. Mwaka wa 1908 mfalme Leopold wa Pili ilimlazimu kuiacha Kongo mikononi mwa serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakwisha, lakini uongo ule ulivunjika. Mwanamke mmoja, chombo kimoja cha picha, na mtu mmoja ambaye hakukatwa.

Na hapa kwetu? Katika miaka ya 1970 nyumba nyingi za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi zilitundika sebuleni michoro iliyonunuliwa kwa wachoraji wa mitaani. Watu waliiita ya ukumbusho. Mmojawapo ulionyesha wafungwa wa wakati wa Wabelgiji, mmoja amelazwa chini anachapwa, na bendera juu yake. Familia ililala na kuamka mbele ya mchoro ule, ikala bukari mbele yake. Mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, mwaka wa 1973 na 1974, alichora historia nzima ya nchi katika michoro 101. Watu wale hawakuwa na fedha kuliko sisi, lakini walitaka picha iwakumbushe jambo. Sisi tunataka picha itusahaulishe.

Tena, mwaka wa 2006, Sammy Baloji, mwana wa mji huu aliyezaliwa mwaka wa 1978, alichukua picha za kale za kampuni ya madini. Katika picha zile wafanyakazi walipangwa kama mali na kutazamwa kama hesabu. Akawatoa watu wale katika karatasi za kampuni, akawasimamisha juu ya picha mpya za viwanda vilivyobomoka. Ukizitazama, babu zako wamesimama katika magofu, wanakutazama, wanangoja neno. Yeye naye alikata, lakini alikata ili arudishe. Mwaka wa 2008 yeye na wenzake walianzisha hapa mjini maonyesho makubwa, wakayapa jina la Kiswahili: Picha. Basi chombo si kibaya. Swali ni nani anayerudishwa na nani anayefukuzwa.

Watakaotujibu

Twajua tutajibiwa. Wa kwanza atasema, "Hawa ni wazee wenye wivu, wakati wao simu hazikuwako." Twakubali, wivu upo duniani. Lakini kijana, umjibu mama wa yule marehemu, usitujibu sisi.

Wa pili atasema, "Nanyi makanisani mnafanya vilevile!" Huyu ana haki, na twainamisha kichwa. Siku ya Komunyo ya kwanza wazazi wanaizingira altare na simu kama watu wanaogombea posho. Mtoto anampokea Kristu, naye anaangalia kama mama ameshika simu vema. Siku ya jubilei wakubwa wanapangwa mbele, na mwanamke aliyepika tangu saa tisa ya usiku yuko jikoni. Mwezi wa Novemba mwaka wa 2017 Papa Fransisko alisema wazi kwamba inamhuzunisha kuona simu nyingi zimeinuliwa katika Misa, hata za mapadri na maaskofu, maana padri anawaalika watu wainue mioyo, hawaaliki wainue simu. Basi mahubiri haya yaanzie sakristia.

Wa tatu atasema, "Sisi wapiga picha tunakula kwa kazi hii." Ndugu, hatukugusi. Kazi yako ni ya haki. Twapenda watu warudi kwako, wachague picha moja, wailipe, waitie kwenye fremu. Picha elfu ndani ya simu iliyoibwa sokoni ni sawa na hakuna.

Wa nne ndiye mwenye neno zito. Atasema, "Siku sita tunameza vumbi. Tunaona taka, giza, foleni ya maji, wagonjwa bila dawa. Siku moja tu tunataka kuona kitu kizuri na kuwaonyesha wengine kwamba nasi tu watu. Je, hata hilo mtatunyang'anya?" Hapana, ndugu, hatutakunyang'anya. Mungu ndiye aliyeumba jioni, naye aliiona kuwa njema. Lakini kumbuka Petro mlimani, siku Bwana alipong'aa kama jua. Petro naye alipenda uzuri ule usipite. Akataka kujenga vibanda vitatu auzuie pale. Wingu likaja, nuru ikapita, wakashuka. Na huko chini ya mlima kulikuwa na mtoto mgonjwa, na baba yake analia, na wanafunzi waliobaki wameshindwa kumponya. Nuru ya mlimani ilitolewa kwa ajili ya kushuka huko. Uzuri unaokufanya uweze kumtazama mtoto mgonjwa, huo ni wa Mungu. Uzuri unaokutaka umfukuze mwenye karanga kwanza, huo usiite mapumziko.

Tena, "nasi tu watu": maneno hayo ni matakatifu. Lakini hayathibitishwi kwa kumfanya mwingine asionekane kuwa mtu.

Tufanye nini?

Papa Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake *Dies Domini* ya mwaka wa 1998, alituonya tusichanganye Dominika na mwisho wa juma wa kupumzika tu. Kupumzika ni kwema. Lakini mkristu anapumzika pamoja na Bwana wake na pamoja na ndugu zake. Kwa hiyo twawaomba mambo yafuatayo, nayo si magumu.

Misa kwanza, ziwa baadaye. Misa ya kwanza huanza mapema, na ziwa halitahama.

Mnapofika kando ya maji, simu zikae katika kikapu kimoja mpaka chakula kiishe. Samaki aliwe akiwa moto.

Picha ikipigwa, aliyepiga apigwe naye. Iwe sheria ya kila kundi, kila chama cha vijana, kila kwaya: hakuna anayerudi nyumbani bila kuwamo. Hasa mwenye shati moja.

Mwenye karanga aulizwe jina lake kabla ya bei. Akitaka kuingia katika picha, na mzazi wake akiwa hakatai, aingie. Asipotaka, msimpige kwa siri. Yeye si ndege wa porini.

Kwa mwaka, chagueni picha moja ya rafiki, mkaichapishe karatasini, mumpelekee mama yake angali hai yeye na mtoto wake.

Simu iliyo nzima isitupwe kwa sababu imetoka mpya. Kila simu ina udongo wa Kolwezi ndani yake. Na katika maombi ya waamini, angalau mara moja kwa mwezi, tuwataje wachimbaji, tuwataje waliofunikwa na mashimo, tuwasaidie wale wanaowatoa watoto machimboni.

Na la mwisho. Dominika moja, moja tu, jua liache lishuke bila picha. Simameni mkilielekea, si kwa kuligeuzia mgongo. Mtaona linavyokuwa kama sarafu ya shaba iliyotoka motoni, kisha linagusa maji, kisha halipo. Mtasikia harufu ya moshi, na mtajua ni moshi wa nini. Mtaona mtu wa baiskeli anapita. Mtaona aliyesimama karibu nanyi amekonda tangu mwezi uliopita, na mtamwuliza, "Ndugu, una nini?" Labda atasema. Hilo halitaingia katika WhatsApp, wala watu mia hawatalipenda.

Bwana wetu, pale ufukoni, alipomaliza kuwalisha wanafunzi wake, hakuwapanga mstari ili waonekane vizuri. Alimgeukia yule aliyekuwa na aibu kuliko wote, yule aliyemkana, akamwuliza mara tatu kama anampenda. Hiyo ndiyo Dominika ya ufukoni. Wazee wetu wa kambini waliielewa, ndiyo sababu waliipa jina lake. Sisi tusiibadilishe jina. Ibaki siku ya Mungu, na ndani ya siku ya Mungu asikatwe mtu.